Yonasi Siwale, Aliyekataa Kukaa Kabla ya Boazi

Marehemu Yonasi Siwale alizaliwa tarehe 3 Agosti 1974 huko Igamba, Mbozi, mtoto wa pili wa mzee Rubeni Siwale na mama Conjesta. Wa kwanza ni Roda, anayewasomea wasifu huu. Wiki hiyohiyo, nyumba ya pili, alizaliwa Boazi Nzunda, na akina mama wakawapima watoto wao kwenye mzani wa kahawa. Boazi akazidi robo kilo. Yonasi aliambiwa habari hiyo akiwa na miaka sita, na hakuisahau.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1988 akiwa wa tisa. Boazi alikuwa wa nane. Yonasi alidai mpaka mwisho wa maisha yake kwamba mwalimu alikosea kujumlisha. Alilima kahawa ya baba hadi 1993, aliposikia Boazi amepata kazi Tunduma. Roda alilikuta jembe lake limelala shambani, mwenyewe keshaondoka.

Tunduma alibeba magunia miaka thelathini na mbili, akipakia na kushusha malori ya mpakani. Kwenye ghala lao kuna desturi: atakayekaa chini kabla lori halijaisha anaitwa bibi harusi mpaka jioni. Yonasi hakuitwa hata siku moja. Boazi naye hakuitwa. Hatutadanganya mbele ya jeneza kwamba marehemu hakuwa na wivu, mliomjua mngecheka.

Hata ndoa iliingia humo. Alimwona Boazi mara mbili akimbebea binti Erica ndoo ya maji, na wiki hiyo akatuma mshenga. Walifunga ndoa tarehe 12 Oktoba 1996. Baada ya harusi Erica akamwambia, "Boazi alikuwa anamfuata mdogo wangu. Ungeuliza." Yonasi akajibu, "Ningeuliza ningechelewa." Boazi akamwoa huyo mdogo mtu, na tangu hapo wakaitana mwanyumba. Erica alipata mume mwaminifu, na kama Yonasi angechelewa angekosa nini, hakuna aliyejua.

Januari mwaka huu wa 2025 alikuja ghalani binti Kabula, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kupima magoti ya wabebaji. Mtu aliketi juu ya meza, akafungwa kitambaa machoni, Kabula akalikunja goti lake kwa kiasi fulani, akalinyoosha, kisha mtu akatakiwa alirudishe palepale mwenyewe. Asubuhi Yonasi aliwashinda wote. Alikosea digrii mbili tu. Halafu wakapanda na kushuka kreti hadi mapaja yakatetemeka, wakapimwa tena. Vifaa vilivyobandikwa pajani vilionyesha misuli ya Yonasi ikihangaika maradufu, lakini goti lilikosea digrii tisa. Boazi alikosea moja.

"Baba," Kabula akamwambia, "misuli ikichoka, goti halijui tena liko wapi. Wewe unabeba gunia shingoni, miguu huioni, unaliamini goti. Kaa kidogo kila baada ya magunia kumi."

"Na Boazi akae?"

"Wote mkae."

"Basi aanze yeye."

Boazi hakuanza. Kila jioni, mapaja yakiwaka moto, Yonasi alimtazama mwenzake aliyekosea digrii moja tu, akaenda kuchukua gunia jingine.

Jumatatu tarehe 10 Machi, gunia la thelathini na nane, alikuwa anashuka ubao wa lori. Alidhani goti la kulia limekunjika vya kutosha kuufikia mwisho wa ubao. Mguu haukuwa umefika. Alianguka, gunia likamwangukia nyonga, ikavunjika.

Alipasuliwa hospitalini Mbeya, akaanza kula vizuri. Siku ya nane Boazi alikuja na uji, akakaa kwenye kiti cha wageni.

"Mwanyumba, ile siku ya kitambaa nilichungulia. Nilikiona kidole gumba cha mguu kwa chini, nikakilinganisha na ufa wa ukuta."

Yonasi akauliza, "Kwa nini?"

"Asubuhi ulikuwa umenishinda. Sikulala kwa hilo."

"Bila kuchungulia?"

"Ningekosea kuliko wewe. Goti lilikuwa limekufa. Kila jioni nilikuwa nakusubiri wewe ukae."

Yonasi akamgeukia dada yake, aliyekuwa kando ya kitanda. "Roda, hilo liandike. Na uandike kwamba sasa hivi yeye ndiye amekaa."

"Wewe umelala," Boazi akasema.

"Kulala si kukaa."

Jumapili tarehe 23 Machi, saa nne asubuhi, damu iliyoganda mguuni ilipanda mapafuni, naye akafariki. Erica alikuwa amemshika mkono.

Ameacha mjane Erica, watoto watatu, Justine, Edson na Yudita, wajukuu wawili, na dada yake Roda. Ameacha pia Boazi Nzunda, ambaye ameomba atajwe hapa. Leo asubuhi ghalani, lori likiwa bado nusu, Boazi aliweka gunia chini akaketi juu yake mbele ya wote. Hakuna aliyemwita bibi harusi. Wengine nao wakaketi.

Yonasi, mwenzako amekaa. Nawe pumzika kwa amani.