Mablanketi ya Kwenye Jua

Jumanne, tarehe nne Machi, saa kumi na mbili unusu asubuhi, manyunyu yakianguka, mama mshonaji aliketi garimoshini kando ya mzee wa kanisa lililomtuma binti wa mama huyo ng'ambo kuhubiri Injili.

“Mama, tushonee mablanketi mengine tumpelekee mwanetu.”

“Kule jua halina likizo, mzee wangu. Yale ya kwanza kayafanya mapazia. Mmewahi kumwuliza anahitaji nini?”

“Tunamwombea kila Jumapili.”

“Nami naitikia. Lakini ameomba kuja nyumbani kupumzika, mwaka wa tano huu yuko huko. Hata kicheko chake kinaanza kunipotea.”

Mzee, aliyezoea kujibiwa amina, akatazama dirishani. “Uliliahidi kanisa mablanketi, mama. Ahadi ni deni.”

“Basi deni hilo silipi. Nitashona shuka za kitanda chake, pale nyumbani.”

Garimoshi likasimama.