Hita Iliyokula Jina la Kuruthumu

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Kuruthumu Ramadhani, mfumaji wa masweta wa Ibighi, hapa Tukuyu. Alizikwa Jumanne iliyopita, mvua ikinyesha. Kama mwanao amesoma huku na hakutetemeka darasani, huenda sweta lake lilitoka mikononi mwa mama huyu.

Sitamsifia kwa upole. Hakuwa mpole. Alikufa hajawasamehe watu wawili, na nitawataja.

Kuruthumu alikuwa mjane. Alipanga chumba kimoja kwa Mzee Ambwene, yeye na binti yake Nusrat. Nyumba ina vyumba vitano na mita moja ya umeme. Wapangaji walinunua yuniti kwa zamu. Baridi ya Juni ilipoingia, yuniti zikaanza kuisha kabla ya wakati. Kila mtu akamtazama mwenzake. Kisha wote wakamtazama Kuruthumu, kwa sababu mashine yake ya kufumia ilisikika mchana kutwa, kra-kra, kra-kra.

"Mama Nusrat, hiyo mashine yako inatumaliza," alisema Mzee Ambwene, amesimama koridoni.

"Ingia basi, baba, unioneshe waya wake."

Hakuingia. Wasikilizaji, mashine ile ilisukumwa kwa mkono. Haikuwa na waya. Narudia: haikuwa na waya. Hakuna aliyeingia kuangalia.

Jumapili moja, wapangaji wote wakiwepo, Mzee Ambwene alipanda stuli na koleo, akaukata waya unaoingia chumbani kwa Kuruthumu. Aliyemshikia stuli ni Lukasi, ofisa aliyehamishiwa huku, mpangaji wa chumba cha mbele.

"Mwizi wa umeme dawa yake giza," Lukasi alisema, akacheka.

Jina likaganda. Nusrat anasimulia: "Nilienda dukani kununua mshumaa. Muuzaji akaniuliza, vipi, mama yako bado anaiba?"

Kuruthumu hakulia. Alisogeza mashine dirishani. Akaanza kuitazama mita, iliyokuwa ukutani karibu na mlango wake. Ina taa ndogo nyekundu inayopepesa umeme unapotumika. Yeye yuko gizani, na yuniti zinakimbia vilevile.

Julai, Lukasi akaenda Dodoma kwenye mafunzo, wiki mbili. Akafunga chumba. Adhuhuri moja Kuruthumu alimwomba Hellen, nesi wa chumba cha pili, awaambie wenzake wachomoe kila kitu. Friji, redio, pasi, vyote. Wakasimama mbele ya mita. Ile taa ikatulia.

"Subirini," alisema Kuruthumu.

Wakasubiri mpaka chai ikapoa vikombeni. Mara ikaanza kupepesa, mbio mbio. Kisha ikatulia tena.

"Kuna mtu anakula humu," alisema Hellen, "na hayupo."

Lukasi aliporudi alikuta watu koridoni wanamsubiri. Akafungua. Bafuni kwake ukutani kulikuwa na hita ya maji. Lukasi aliiweka Juni ileile. Mwingine aliyejua ni mwenye nyumba, Mzee Ambwene, peke yake.

"Jamani, sijaoga humu wiki mbili!" Lukasi akapiga kelele. "Sijafungua hata bomba! Imekula nini?"

Watu wakacheka. Lakini kosa hilo tunalo wengi. Tunadhani kama hakuna anayeoga, hita haili. Inakula. Maji yakipoa, inayachemsha. Yakipoa tena, inayachemsha tena. Hakuna anayeyahitaji, ila swichi imeachwa, nayo iko kazini.

Kuruthumu alimjibu Lukasi: "Imekula jina langu."

Alitaka kitu kimoja tu. Mzee Ambwene asimame uani, watu wakiwepo, aseme alimsingizia. Mzee akaona aibu. Akaunga waya Kuruthumu akiwa sokoni, akamwachia na kuku mlangoni. Kuruthumu akarudi, akafungua globu ya chumbani kwake, akampelekea Mzee.

"Kuku nimemchinja," alimwambia. "Ila mlinikata watu wanaona. Niungeni watu wanaona."

Hakuungwa mbele ya watu. Akanunua taa ya sola. Alipoulizwa kwa nini hahami, alijibu, "Nihame ili wapate amani?"

Ndipo akafuma sweta jeusi lenye duara jekundu kifuani. Alilivaa miaka mitatu. Sokoni, harusini, hospitali. Kila aliyeuliza alijibiwa: "Hii ni taa ya mita iliyoikamata hita ya Lukasi. Na Mzee Ambwene alijua." Majina yote mawili. Hakupunguza. Watoto wa mtaa wakaanza kumwita Lukasi "Sijaoga". Akaomba uhamisho.

Kaka yake, Zuber, alimsihi amwachie Mungu.

"Nimemwachia," Kuruthumu alisema. "Sweta ni langu."

Nusrat, Zuber na ukoo wote, poleni sana. Mungu amlaze mahali pema. Sisi wengine, hebu inuka sasa hivi uangalie ukutani kwako ni nini kimeachwa kinasubiri. Zima. Halafu ujiulize ni nani umemwita mwizi bila kuingia chumbani kwake.

Hapa mezani nina karatasi ya rambirambi kutoka kwa Mzee Ambwene. Anamwita marehemu "mpangaji wangu mpendwa". Anaomba isomwe hewani. Siisomi. Mzee, najua unasikiliza. Mlango wa studio uko wazi mpaka saa kumi jioni. Njoo na maneno mawili: nilimsingizia Kuruthumu.

Nusrat yupo hapa, anakusubiri. Amevaa lile sweta.