Matundu Aliyoyaziba Mdogo Wake

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, kifungua mimba wa seremala na mshona nguo. Akiwa na miaka saba alitafutwa mchana kutwa, akakutwa amelala kifudifudi kando ya kichuguu, kiganja juu ya tundu. "Mama, kinapumua!" Alichapwa, na jina la Mchwa likamganda.

Alihitimu usanifu majengo chuo kikuu mwaka 1986. Mdogo wake, huyu anayewasomea, aliishia darasa la saba akawa fundi mwashi, na kaka ndiye aliyempa kazi. Tarehe 14 Desemba 1989 marehemu alimwoa muuguzi. Hata siku hiyo, bwana harusi alizunguka ukumbini akifungua madirisha, bibi harusi akimsubiri.

Alichora majengo yanayojipoza bila umeme: hewa baridi iingie kwa matundu ya chini, joto litokee juu, kama kwenye kichuguu. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu iliiruka shule ya ghorofa iliyofunguliwa Januari 1998. Jamani, isirukwe. Madarasa yalikuwa tanuri, watoto wawili wakazimia, watu wakacheka: "Mchwa katujengea oveni!" Miaka sita hakupata kazi ya maana.

Ukweli ni kwamba mchoro haukuwa na kosa. Mdogo wake, fundi wa shule hiyo, aliyaona yale matundu ya chini kama kazi ambayo haijakamilika, akaogopa kaka ataaibika mbele ya wageni, akayaziba kwa saruji bila kuuliza. Marehemu alipogundua aliupapasa ukuta. "Lipu umeipiga vizuri, mdogo wangu." Basi. Kamati ya shule ilipomhoji alijibu, "Mchoro ni wangu." Mdogo wake alisimama pale pale, kimya kama maji mtungini. Marehemu hakuyafungua kamwe, maana angeyafungua, wote wangejua nani aliyaziba.

Figo zilimsumbua tangu mwaka 2019. Mwezi uliopita, akiwa kitandani, aliuliza, "Yale matundu vipi?"

"Nitayafungua, kaka. Kesho."

Kesho hiyo ilipigwa kalenda hadi tarehe 3 Machi, saa nne asubuhi, alipofariki dunia.

Ameacha mama mzazi, mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, na mdogo mmoja aliyepaswa kuyasema haya kaka akiwa anasikia. Jana mchana, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, mdogo huyo alikwenda na nyundo na tindo, akayafungua yote kumi na nane, akaweka kiganja juu ya la mwisho.

Pumzika kwa amani, kaka. Shule inapumua.