Rukaiya binti Zubeiri, Mwimbaji wa "Ukindu Mwekundu"

Marehemu Rukaiya alizaliwa Mbuchi tarehe 12 Machi 1964, mtoto wa kwanza wa mzee Zubeiri Mwinjuma na Bi Tabu. Mimi Haruni, ninayewasomea wasifu huu, ni mdogo wake wa kumfuata.

Alisoma shule ya msingi hapahapa Mbuchi, akamaliza darasa la saba mwaka 1978. Mwaka huohuo aliwekwa ndani, akachezwa unyago na kungwi wake, Bi Mwanaheri. Mama husema mwali yule kazi yake ilikuwa kulalamikia uji usio na sukari, lakini nyimbo alizishika zote kwa siku tatu.

Mwaka 1982 aliolewa Kibiti na Bwana Abbasi Mtoro, wakajaliwa binti mmoja, Kuruthumu.

Kibiti ndiko alikoanza kuimba harusini pamoja na Tatu, binti wa mama yetu mdogo. Watu wakawaita Dada wa Mbuchi. Juni 1988 walikwenda Dar es Salaam kurekodi "Ukindu Mwekundu". Wimbo ukaonekana mfupi, Rukaiya akauongezea kiitikio alichofundishwa alipokuwa mwali. Maneno aliyabadilisha, mahadhi akayaacha yalivyo. Alidhani imetosha.

Redio ziliupiga hadi Nairobi na Muscat. Mwaka 1990 kampuni moja ya Ujerumani iliutoa upya, nao wakaimba katika nchi sita. Alituandikia kwamba Wazungu wanakiitikia vizuri kile kiitikio, ila makofi wanapiga mahali sipo.

Kosa la kuuleta wimbo huku ni langu. Nilikuwa nimenunua redio kaseti, nikaupiga gulioni Mbuchi, sauti mpaka mwisho. Wanawake waliacha bidhaa zao wakasimama. Nilidhani wamefurahi. Mimi mwanamume, ya unyagoni ningeyajuaje? Bi Mwanaheri akanijia: "Lizime dude hilo, Haruni! Dadaako katuvua nguo mbele ya wanaume."

Tatu alibaki Hamburg. Rukaiya alirudi mwaka 1991, kwa sababu mwanawe alikuwa huku. Hakualikwa tena kwenye ngoma yoyote. Mama mkwe akashikilia aachwe, na mwaka 1992 talaka ikatoka. Wimbo waliimba wawili, adhabu akabeba mmoja. Tena wimbo huohuo unapigwa kwenye harusi za hapa, hata za wajukuu wa waliomtenga, na watu wanaucheza. Hilo linaniuma na sitalificha.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara mbili. Alikuwa na ombi moja tu, Kuruthumu achezwe kabla mama yake hajafumba macho. Alimpelekea Bi Mwanaheri ujumbe mara tatu. Jibu la mwisho nililipokea mimi: "Akachezwe na Wazungu wake." Rukaiya alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 7 Oktoba 1997.

Ameacha mama, mdogo wake, Tatu aliye ughaibuni, na Kuruthumu, mwenye miaka kumi na minne.

Leo asubuhi Bi Mwanaheri amekuja, akaingia kumwosha marehemu kwa mikono yake mwenyewe, huku analia. Tunamshukuru. Bi Mwanaheri, aliyekuomba umeshamwosha. Aliyeombewa amesimama pale mlangoni.

Mwenyezi Mungu amfungulie Rukaiya mlango, maana sisi tulimfungia. Amin.