Marehemu Fulgensi Hermenegildi na Nta ya Gari Jeusi

Baba Padri, Bwana Bwanaheri na jamaa zako, ndugu wa vijiji vya Idete na Mbingu mlioacha mashamba, majirani mnaotupenda na nyinyi mliokuja kuangalia tu, poleni kwa msiba na poleni kwa jua. Familia inawaomba mtulie msikilize maisha ya Fulgensi tangu mwanzo hadi mwisho, na hasa mwisho, kwa sababu tangu Alhamisi mdomo wa Ifakara haujafungwa, inasemekana nyuki waliomuua walitumwa, aliyewatuma anatajwa kwa jina kwamba ni jirani yake Tadei, jana jioni mlango wa Tadei umevunjwa kwa mawe, na tumesikia kwamba tukishafukia kaburi hili wako watu watakaokwenda kule na moto. Kwa hiyo hii haitasomwa haraka.

Fulgensi alizaliwa Idete tarehe 1 Januari 1911, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa Hermenegildi, mkulima wa mpunga, na mama Scolastica, na kwa kuwa alikuwa wa kiume wa kwanza baada ya mabinti wawili, alidekezwa kuliko ilivyofaa, jambo ambalo dada yake mkubwa Apolonia, aliyeandika historia hii, alilisema wakati ule na hakusikilizwa.

Alisoma shule ya misheni hapa Ifakara kuanzia mwaka 1920 hadi 1924, akamaliza darasa la nne, mwandiko wake ulikuwa mzuri, hesabu zilimshinda, na mwalimu wake alikuwa akimpa baiskeli aifute kila Jumamosi, kwa maana mtoto huyu hakuweza kuona kitu chenye vumbi akakipita, isipokuwa jembe.

Mwaka 1927 alianza kazi ya kupiga kasia kwenye mitumbwi ya kuvusha watu mtoni, akaifanya mpaka mwaka 1940 alipochukuliwa jeshini, akafundishwa udereva, akaenda Uhabeshi, kisha Bama kupigana na Wajapani, na huko sajini mmoja aliwasugulisha gari la mkubwa wao kila alfajiri, wenzake wakalaani, yeye akapenda. Alirudi Aprili 1946 na koti moja, kikohozi, na kipande cha flana ambacho hakuna aliyeruhusiwa kufutia kitu kingine. Tarehe 1 Machi 1949 aliajiriwa na Bwana Bwanaheri, mwenye duka, kuwa dereva wa gari lake dogo jeusi, kazi aliyoifanya hadi kufa kwake.

Alifunga ndoa kanisani tarehe 22 Juni 1935 na Balbina wa Mbingu, wakajaliwa watoto wanne, Viktor, Rosa, mmoja aliyefariki mchanga, na Nikodemu, na Balbina amekuwa mke mvumilivu, maana si kila mwanamke angekubali sufuria yake ya ugali inuke tapentaini ya kung'arishia gari.

Gari lile lilikuwa likilala uani kwa Fulgensi, si kwa mwenyewe, na hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu vumbi la barabara ya Mbingu wakati wa kiangazi na tope la bonde wakati wa masika vilikuwa vikiila rangi, naye aliona kana kwamba analiwa yeye. Alianza na dawa ya kopo kutoka Dar es Salaam, ikang'aa asubuhi na kufikia adhuhuri imekwisha, akajaribu mafuta ya nazi, vumbi likanasa kama unga kwenye mwiko, akaomba kwa masista nta ya sakafu ya kanisa, ambayo ni nyekundu, gari likawa na rangi ya ini. Mwaka 1952 seremala mmoja alimshawishi apake vanishi ya makabati ili izibe rangi moja kwa moja, akaipaka chuma kikiwa bado na unyevu, ikaingia ukungu, halafu jua lilipowaka ikabanduka kama ngozi ya nyoka, na Bwana Bwanaheri, ambaye ni mpole, alisema neno moja tu, "Fulgensi, umelichuna gari langu?"

Mwaka 1953 ndipo alipomwendea Tadei, mrina asali, nyumba ya tatu kutoka kwake, na Tadei akamfundisha kwa subira kwamba masega yachemshwe kwa maji, yachujwe kwa kaniki, nta ikipoa uchafu wa chini ukwanguliwe, ichemshwe tena, ikae mpaka ukiinusa hunusi kitu, ndipo iyeyushwe polepole kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, itiwe tapentaini, ipakwe nyembamba, iachwe ikauke na isuguliwe. Tangu siku hiyo mvua ilikuwa ikibiringika juu ya boneti kama juu ya jani la gimbi, na watu waliokuwa wakingoja pantoni walijitazama meno kwenye milango ya gari. Kwa miaka minne watu hao wawili walikuwa kama ndugu, na hakuna nyuki hata mmoja aliyetumwa kwa mtu.

Sasa tunafika kwenye mwezi huu. Binti wa Bwana Bwanaheri, Siwema, alikuwa aolewe Ijumaa tarehe 18 Oktoba 1957, wageni walikuwa wanatoka Kilosa na magari yao, na dereva mmoja aliyetangulia alilizunguka gari jeusi mbele ya watu dukani akamwambia Fulgensi, "Mzee, hili gari au punda? Mbona la kijivu?" Watu wakacheka, naye akacheka nao, lakini Balbina anasema hakula chakula cha jioni. Nta aliyokuwa nayo ilikuwa imekwisha, dawa ya kopo ilikuwepo lakini isingevumilia vumbi la msafara wa arusi, kwa hiyo Jumatatu tarehe 14 alikwenda kwa Tadei, akakuta masega yaliyotoka mzingani siku ileile.

Yaliyosemwa pale yalisikiwa na watu wengi, na wengine wao wamekaa hapa. Tadei alikataa kumpa, akasema, "Hii mbichi, bwana, ina asali na wana wa nyuki ndani, ngoja mwezi ujao." Fulgensi akasema, "Arusi nayo ingoje mwezi ujao? Nipe, nitaichemsha mwenyewe." Tadei akasema, "Utaichemsha mara moja, nakujua. Maua mwaka huu hakuna, nyuki wana njaa, watakuja kuidai nta yao." Fulgensi akamjibu, "Waje na baiskeli, mimi nina gari," akayachukua masega, mkicheka nyote. Wale waliocheka kuliko wote Jumatatu ndio wanaosema leo kwamba ilikuwa laana. Ilikuwa onyo, na mtu mzima anajua tofauti yake, isipokuwa kama hataki kuijua.

Aliichemsha mara moja, kama ilivyotabiriwa, akaichuja kwa gunia badala ya kaniki, Balbina akamwambia, "Baba Viktor, hii inanukia asali," akajibiwa, "Itakauka." Jumatano tarehe 16 alilipaka gari lote, na ni lazima tuseme kweli kwamba halijawahi kupendeza vile. Alhamisi asubuhi jua lilipoichemsha nta, walikuja nyuki wachache, kisha upande wote wa mto ukaanza kuvuma, boneti ikageuka rangi, na mlango wa nyumba ulikuwa wazi, hatua chache tu, Balbina ndani akipiga kelele, "Ingia! Ingia, baba!" Fulgensi hakuingia. Alikuwa akiwapiga nyuki kwa flana, akiwaponda juu ya rangi, na kila walipopondwa walizidi, naye akijibu, "Wataichafua! Wataichafua!" Gari la mtu mwingine, ndugu zangu.

Aliyemtoa pale ni Tadei, aliyekuja mbio na mwenge wa majani mabichi unaofuka moshi, kifua wazi, akamburuta mpaka barabarani, kisha akashika mguu mmoja wa kitanda alichobebewa hadi hospitali ya misheni. Inasemwa nyuki hawakumgusa Tadei kwa kuwa ni wake. Anayesema hivyo ainue macho amtazame, amekaa kwenye mkeka wa familia kando ya Nikodemu, jicho moja limefunga kabisa na midomo imekuwa kama maandazi.

Fulgensi aliugua tangu Alhamisi, alivimba, mkojo ukawa mweusi kisha ukakata, na mbele ya Balbina, dada yake Apolonia na sista aliyekuwa zamu alisema maneno haya, "Tadei aliniambia." Hakusema Tadei alinitenda. Aliniambia. Alifariki Jumamosi tarehe 19 Oktoba 1957, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Familia inamshukuru daktari na masista waliomng'oa miiba usiku kucha, Bwana Bwanaheri aliyeahirisha karamu ya binti yake na kutoa mbao za jeneza, madereva wa Kilosa waliochimba kaburi, akiwemo yule aliyesema punda, ambaye amelia vya kutosha na sasa anyamaze, na majirani wote waliobeba kitanda. Tunamshukuru Tadei kuliko wote, na baada ya mjane na watoto, udongo utatupwa naye.

Mwisho ni tangazo. Matanga ya Fulgensi hayatakaliwa nyumbani kwake. Yatakaliwa nyumbani kwa Tadei, mikeka imekwishapelekwa asubuhi hii, masufuria pia, Balbina atalala kwenye mlango uliovunjwa na Apolonia, dada wa marehemu, atalala pembeni yake, kwa hiyo mwenye kuja na moto usiku wa leo aje na kuni vilevile, atatukuta tunapika.

Pumzika kwa amani, Fulgensi. Sisi tunakwenda kwa Tadei.