Bi. Caren Nabututu, Mkaguzi Aliyehamishwa Mbali na Ziwa

Baada ya miaka thelathini na miwili katika idara yetu ya mazingira hapa Kisumu, Bi. Caren Nabututu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Idara inahuzunika. Baadhi ya wenye viwanda wanajikaza wasicheke.

Mama Caren aliajiriwa kukagua taka hatari na, kwa bahati mbaya, akaisoma sheria yote. Alipokuta kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu karibu na Mamboleo kikimwaga asidi kwenye mtaro unaoingia Ziwa Victoria, aliandika "taka hatari". Mwenye kiwanda alisema ni maji machafu kidogo tu. Mkurugenzi wa wakati huo, mtu wa amani, alipendekeza "mabaki yenye changamoto". Mama Caren akakataa kubadilisha neno, basi idara ikambadilisha yeye: akapelekwa Katito, mbali na ufuo, eti apumzike.

Haikupita wiki. Akitoka sokoni, aliona lori likirudi nyuma kuelekea kijito ambacho akina mama huchota maji. Mapipa yalishaanza kuteremshwa. Dereva alikuwa Zadock, yule yule aliyeendesha lori la kiwanda cha Mamboleo. Kumbe kiwanda nacho kilikuwa kimemkimbia Mama Caren, kikaja kumwaga taka huku huku.

"Mama, hata huku uko?" Zadock aliuliza.

"Nimeletwa nipumzike. Rudisha hayo mapipa kwa lori."

Zadock alirudisha, lakini pipa moja lilikuwa limekwisha kupasuka. Mama Caren akasimama kijitoni mpaka jioni akiwazuia wenye ndoo, na wengine wakimtukana kwa kuwanyima maji. Alilia. Yeye hukana, ila sisi tuliokwenda kumsaidia tulimwona.

Mahakamani, wakili wa kiwanda alidai kijito hicho hakiwezi kuwa maji yanayolindwa kisheria, kwa kuwa hakikuwekewa kibao.

"Mheshimiwa," Mama Caren akamwambia hakimu, "asidi haisomi kibao."

Kiwanda kiliamriwa kusafisha kijito na kuwachimbia wakazi kisima. Mkurugenzi alikuja kuzindua kisima hicho, akakata utepe, akasifu busara yake mwenyewe ya kupeleka mkaguzi Katito.

Sasa Mama Caren anarudi Kaloleni, hapa hapa Kisumu, kukaa na wajukuu. Tayari watu fulani wameuliza, kwa upole mwingi, atakuwa akitembea upande gani jioni. Hatujawajibu.

Ahsante, Mama. Ulituonyesha kwamba kuita kitu kwa jina lake ni kazi ya kutwa. Uzeeke kwa afya na furaha, na popote utakapochota maji, yawe safi bila kwenda mahakamani.