Aspirini ya Bi Semeni

Hata leo nikinusa karafuu nalikumbuka basi la Kigombe la miaka ya hamsini. Mbele yangu jirani yetu Bi Semeni, shavu limevimba, alimwambia mama mmoja kutoka kambi ya mkonge aliyekaa naye, "Nimebandika aspirini kwenye jino, ufizi umebabuka."

"Aspirini humezwa, bibi! Kwani ni plasta?"

"Mama yangu alitumia karafuu tu, akafa na meno yake yote."

"Uvimbe unashuka shingoni. Kang'oe."

"Kwa koleo lililotoka kinywani mwa mwingine?"

"Wanalichemsha."

"Kama muhogo?"

Nilichekea ndani ya kanga. Basi likasimama hospitali. Yule mama akashuka, akamnyooshea mkono. Bi Semeni akautazama, kashika shavu, na kondakta akauliza kama anashuka.